Chembe ya Udongo na Dhamana ya Mja

Kila mto unapofurika usiku na kuingia majumbani mwa watu, maneno mawili yasiyopatana hunenwa katika matanga, na aghalabu hunenwa na watu wale wale. Neno la kwanza ni kuwa yaliyotokea ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na mja hana hila ila kusubiri. La pili ni kuwa marehemu wangalisikia walipoonywa, wasingalijenga bondeni. La kwanza humwondolea kila mtu dhima, na la pili humtwika dhima yote yule aliyekwisha kupoteza mali na wanawe. Kati ya maneno hayo mawili pana kitu ambacho wanenaji wamekikanyaga wasikione, nacho ni tope lililobaki ukumbini baada ya maji kwenda zake. Na tope hilo, likichunguzwa kwa makini, lina swali zito kuliko maneno yote mawili. Swali lenyewe ni hili: madhara yakifanywa na watu laki moja, kila mmoja wao akitia humo chembe asiyoiona wala kuikusudia, je, madhara hayo ni juu ya nani?

Ili swali hilo lieleweke, yapasa kwanza kujua tabia ya tope katika maji. Mvua inyeshapo juu ya ardhi iliyovuliwa miti na majani, tone huupiga udongo na kuuvunja, kisha maji yatiririkayo huuzoa na kuupeleka kijitoni, na kijito mtoni. Vilivyo vizito, kama mawe na changarawe, hubingirika chini. Vilivyo vyepesi huelea katikati ya maji bila kugusa sakafu ya mto, na hivi ndivyo vinavyoupa mto wekundu wake wakati wa masika. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita moja, ikiachwa katika maji yaliyotulia, huzama mita moja kwa muda wa sekunde kumi hivi. Chembe zilizo ndogo sana zina kanuni yao, ambayo George Stokes, mwanachuoni wa Cambridge, aliieleza kwa hesabu mwaka 1851: upana ukipungua mara kumi, mwendo wa kuzama hupungua mara mia. Basi chembe iliyo sehemu moja katika mia ya milimita huchukua kama saa tatu kuzama mita hiyo moja, na ile ya mfinyanzi, iliyo sehemu moja katika elfu ya milimita, huchukua karibu wiki mbili. Katika mto unaokimbia, msukosuko wa maji huzirudisha juu chembe hizo kila zinapotaka kuzama, na kwa hivyo udongo wa mlimani waweza kusafiri mamia ya maili usipate pa kutua.

Pa kutua hupatikana pale nchi inapokuwa tambarare. Hapo mwendo wa mto hupungua, na nguvu yake ya kuchukua mzigo hupungua zaidi kuliko mwendo wenyewe, hata mchanga na tope zito huanza kulala chini. Wapo wadhanio kuwa maji ya tope hufurika kwa sababu ya uzito wake. Uzito huo upo, lakini ni mdogo: hata mto uliobeba kilo 35 za udongo katika kila mita ya ujazo, nao ni mto mchafu kupita kiasi, maji yake hayazidi maji safi kwa uzito ila kwa sehemu mbili hivi katika mia. Shari imejificha chini. Tope lililotua huinua sakafu ya mto na kupunguza nafasi kati ya kingo zake, na mvua ambayo babu zetu waliiona ikipita salama, leo ikinyesha kwa kadiri ile ile, hukuta njia imeziba, ikapanda kingo na kuingia vyumbani. Maji hayakuzidi, nyumba yake ndiyo iliyopungua.

Hakuna mahali duniani ambapo jambo hili limedhihirika kuliko katika Huang He, mto wa China uitwao Mto Manjano kwa rangi ya udongo wake. Katikati ya karne ya 20 mto huo ulikadiriwa kuchukua tani bilioni 1.6 za udongo kila mwaka kutoka katika nyanda za juu zenye vumbi laini lililopeperushwa na pepo za zama za kale. Wachina waliujengea kingo, mto ukainua sakafu yake, wakaongeza kingo, mto ukainuka tena, hata karibu na mji wa Kaifeng sakafu ya mto ikawa juu kuliko njia wapitamo watu. Katika karne ya 16 Pan Jixun, mkuu wa mito wa dola ya Ming, alishauri kuwa mto ubanwe, maji yake yapate kasi ya kujisafishia njia, na shauri lake lilifuatwa kwa muda mrefu, ijapokuwa halikumaliza ugonjwa. Mwaka 1887 kingo zilipasuka na mamia ya maelfu ya watu wakafa. Mwaka 1938 jeshi la serikali ya China lenyewe lilizibomoa kingo za Huayuankou ili kuwazuia Wajapani, na maji yakawaua mamia ya maelfu ya raia wake. Mwaka 1960 bwawa la Sanmenxia lilipoanza kuzuia maji, tope lilijaa nyuma ya ukuta upesi mno hata likatishia bonde la mto Wei, na wahandisi wakalazimika kufungua matundu chini ya ukuta waliokuwa wameujenga juzi.

Mtu atakayesoma khabari hizo akasema ni kadari tupu, atakuwa amesema neno lisilo na maana mbele ya kingo za Huayuankou, zilizobomolewa kwa amri iliyotoka kinywani mwa binadamu. Na atakayesema ni kazi ya binadamu tupu, atakuwa ameisahau mvua, na pepo zilizolilundika vumbi lile kabla mkulima wa kwanza hajashika jembe. Maulamaa wa Kiislamu walibishana juu ya jambo la namna hii tangu karne za mwanzo. Jabriya walisema mja hana hiari katika vitendo vyake. Kadariya, na baada yao Muutazila, walisema mja ndiye atendaye vitendo vyake kwa uwezo aliopewa. Na Abul Hasan al-Ashari wa Basra, aliyefariki katika karne ya 10, alishika njia ya kati, akafundisha kuwa kitendo huumbwa na Mungu na huchumwa na mja, na kwa uchumi huo mja huulizwa. Lakini kuliko mabishano hayo yote, kisa cha Sayidna Umar chatufaa zaidi. Alipokuwa njiani kwenda Shamu akapata khabari ya tauni iliyoanza huko, aliamua kurudi. Sahaba mwenziwe Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akajibu kwa maana ya kwamba anaikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyingine, akampigia mfano wa mchunga aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, moja ya malisho na moja kavu: popote atakapochunga, atakuwa amechunga kwa kadari, na hata hivyo hakuna atakayemsifu akichagua ukavu. Kadari, kwa ufahamu huo, haimwondolei mtu kazi ya kuchagua.

Basi mvua tumwachie Mola, na sakafu ya mto tuihesabu miongoni mwa mambo tunayoulizwa. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu sisi tunaoulizwa tu wengi mno. Tazama mto Msimbazi, utokao katika vilima vya Kisarawe na Pugu ukapita katikati ya Dar es Salaam mpaka baharini karibu na Daraja la Selander. Vilimani watu wanajenga na kulima. Kandokando ya vijito wanachimba mchanga wa kufyatulia matofali. Mjini wanatupa vifusi na taka. Mchanga wote huo hushuka na kujilaza Jangwani, chini ya daraja, mahali ambapo kila mara huchimbuliwa na mitambo, na masika yajayo hupajaza tena. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu wapatao 40 walikufa katika mji huo, na baadhi ya waliosalimika mabondeni walihamishiwa Mabwepande. Mwenye kusaka mkosaji ataanzia wapi? Aliyefyeka shamba la robo eka Kisarawe hakuua mtu. Fundi aliyemwaga kifusi nusu toroli hakuua mtu. Mchanga wa kila mmoja ukitolewa mtoni peke yake, maji hayatashuka hata kwa unene wa ukucha. Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba, na aghalabu husema hivyo kwa kusifu akiba. Lakini kibaba cha shari nacho hujazwa kwa njia hiyo hiyo, na hakuna anayejitokeza kusema kuwa haba hii ilikuwa yangu.

Atakayejitetea kuwa chembe yake ni ndogo mno kuhesabiwa, dini haimpi mlango. Sura ya Zilzala imekuja na khabari ya kuwa jema na baya litaonyeshwa kwa mwenyewe hata likiwa na uzito wa chembe, na wafasiri hawakuvua chembe yoyote katika hisabu hiyo. Na maumbile yenyewe yana namna ya kutunza daftari. Mto Athi, uanziao katika nyanda za juu karibu na Nairobi, ukipita Ukambani na kuitwa Galana, na hatimaye Sabaki, huingia baharini kaskazini ya Malindi. Na wakati wa kaskazi maji yake mekundu huvutwa kuelekea mji, yakapita juu ya matumbawe. Tumbawe hujenga mwili wake mwaka baada ya mwaka, na katika mwili huo hubaki alama ya madini yaliyokuja na udongo. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza walichokisoma katika tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka kama 300: tangu mwanzoni mwa karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 20 udongo uliofika baharini ulikuwa kidogo na wa kadiri moja, kisha ukaanza kuzidi, na ukaendelea kuzidi. Hakuna karani aliyeandika hayo, wala mkubwa aliyeamuru yaandikwe, na shahada yake haina upendeleo.

Insafu, hata hivyo, yataka shahada hiyo isomwe yote. Udongo ulianza kuzidi wakati ule ule ambapo serikali ya kikoloni iliwafunga Wakamba katika mipaka ya hifadhi, ikawapa walowezi vilima vya Mua, na kuzifunga nyika walikozoea kupeleka ng'ombe wao wakati wa ukame. Watu na mifugo waliosongamana katika miteremko walizidi kuichosha ardhi; kisha katika miaka ya 1930 maafisa wa serikali ile ile waliandika taarifa kuwalaumu kwa ujinga wa kulima na wingi wa ng'ombe. Mwaka 1938 serikali ilipoanza kuwanyang'anya ng'ombe hao kwa hoja ya kuokoa udongo, maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi kupinga, na yeye akahamishiwa Lamu. Na huko Tanganyika, katika milima ya Uluguru, ambako chimbuko la mto Ruvu liko, watu walilazimishwa kuchimba matuta mpaka mwaka 1955 wakaleta ghasia na mpango ukavunjika. Mwenye kuhukumu kwa haki hawezi kumpa mkulima wa mteremkoni hisabu sawa na aliyemsukuma huko. Mtu hulima palipobaki.

Hapa ndipo mafakihi wanapotupa nuru, kwa kupambanua mambo mawili ambayo sisi katika matanga tunayachanganya. Dhambi ni jambo la nia: asiyejua na asiyekusudia haandikiwi. Dhamana ni jambo la madhara: aliyeharibu mali ya mwenziwe kwa bahati mbaya hana dhambi, na hata hivyo hulipa, maana haki ya aliyedhuriwa haiondolewi na usafi wa moyo wa aliyedhuru. Na mtu akiua kwa makosa, sharia haikumwachia yeye peke yake mzigo wa diya. Iliugawa juu ya jamaa zake, kila mmoja kwa kadiri, ili msiba wa mmoja usiwe maangamizi ya mwingine. Tukiupima mto kwa mizani hiyo, fumbo la chembe linafunguka. Mkulima wa Ukambani na mjenzi wa Pugu hawana dhambi kwa chembe wasiyoijua. Lakini dhamana wanayo, na wanayo pamoja, na aliye na uwezo zaidi anachangia zaidi, na serikali, ambayo ndiyo jamaa ya wote, inakusanya na kulipa. Dhamana hiyo hugeuka dhambi siku mtu anapojua, na akaweza, na akaacha.

Vitabu vyetu vya zamani vilisema mengi juu ya haki za maji. Mtume alipowaamua sahaba wake Zubair na jirani yake wa Madina, alimpa wa juu haki ya kutangulia kunywesha shamba lake, kisha akamwamuru ayaachie maji yamfikie wa chini. Amri hiyo ilikuwa juu ya maji yenyewe, nasi leo hatuna budi kuipeleka mpaka katika kile ambacho maji yamekichukua, kwa kuwa anayemletea jirani mto uliojaa mchanga hamletei haki yake. Katika Hadithi ya wasafiri wa chombo, wa tabaka ya chini walitaka kutoboa tundu mahali pao wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu, na mafunzo yake ni kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Na kwa Wakristo, nabii Ezekieli aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayachafua yaliyobaki kwa miguu yao, wenzao wakawa hawana budi kunywa machafu. Dini hizi mbili, ambazo wafuasi wake wanakaa juu na chini ya mito yetu, hazikutofautiana katika jambo hili.

Mtu asidhani baada ya haya kuwa tope ni najisi na kwamba mto mwema ni ule usiokuwa nalo. Watu wa Rufiji, tangu zamani, hungojea mafuriko yapungue ndipo wapande katika udongo mpya ulioachwa na maji, kilimo wakiitacho mlau, na mikoko ya Delta imesimama juu ya tope lililotoka mbali. Misri ililishwa na Nili iliyokuwa ikishusha kutoka Uhabeshi zaidi ya tani milioni 100 za udongo kwa mwaka. Tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipomalizika mwaka 1970, karibu udongo wote huo hubaki nyuma ya ukuta, wakulima wakahitaji mbolea ya viwandani, na bahari ikaanza kula pwani ya Rashidi na Dumyati. Hata maji safi yatokayo bwawani yana madhara yake, kwani mto uliovuliwa mzigo hutafuna kingo na sakafu yake mwenyewe. Watu wa Utete na Delta ya Rufiji wana haki ya kuuliza sasa juu ya bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, ni udongo kiasi gani utakaowafikia, na nani atakayeutunza. Kilicho neema kwa kadiri yake huwa nakama kikizidi na nakama kikikosekana. Na kadiri hiyo haikuwekwa mikononi mwa mvua peke yake.

Wala si kweli kwamba watu wakishakuwa wengi basi udongo hauna tena mtetezi. Huko huko Ukambani, katika wilaya ya Machakos, ambako mwaka 1938 palionekana pameangamia, wakulima walikuja kuyashika matuta kwa hiari, na hasa yale waliyoyaona yanafaa: huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mteremko na kutupa udongo upande wa juu, na jina la kazi hiyo, fanya juu, sasa limeandikwa katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengi. Vikundi vya mwethya, vyenye wanawake wengi, vilikwenda shamba kwa shamba. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa wilaya hiyo, wakaonyesha kuwa tangu miaka ya 1930 idadi ya watu ilizidi zaidi ya mara tano, na mmomonyoko katika mashamba ulipungua. Yale ambayo amri na bakora hazikuyapata, yalipatikana pale mkulima alipokuwa na haki juu ya shamba lake, na soko la mazao yake, na akaona faida ya tuta kabla ya kuambiwa wajibu wake. Hili lapasa kusemwa kwa sauti mbele ya wale wanaotaka dhamana ilipwe na maskini kwa jasho la kulazimishwa.

Kwa hivyo jawabu la swali tulilolianza ni hili: madhara ya wengi ni dhamana ya wengi, na hugawanywa kwa ilimu na uwezo. Mji ulioko mtoni na wenye fedha una wajibu wa kuwasaidia walioko mlimani kupanda miti na kujenga matuta, kwa kuwa kuchimbua mchanga chini ya daraja kila mwaka ni kulipa deni lile lile bila ya kulipunguza. Aliyepewa kibali cha kuchimba mchanga au kujenga mteremkoni aulizwe udongo wake utakwenda wapi, kabla hajatia jembe. Na imamu au padri asimamaye kuwaliwaza wafiwa baada ya gharika, awape subira kwa msiba uliopita, kisha awahimize wenye uwezo watimize dhamana yao kabla ya masika mengine. Kwa maana subira imeamrishwa kwa aliyefikwa, na haikuamrishwa kamwe kwa anayeweza kuzuia.